Kuhara Kumekoma, Hatari Ingalipo

Mnamo Juni 2016, watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, walianza kuandikisha watoto waliokuwa wakiruhusiwa kurudi nyumbani kutoka hospitali nne za magharibi mwa Kenya. Moja ilikuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Tatu zilikuwa katika kaunti jirani ya Homa Bay. Utafiti ulipofungwa Novemba 2019, watoto 1,400 wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miezi 59 walikuwa wameshiriki. Kila mmoja alikuwa amelazwa, ametibiwa, na daktari ameridhika kwamba anaweza kwenda zake. Nusu yao walipewa azithromaisini, kiuavijasumu kinachofahamika sana, wameze kwa siku tano. Nusu wakapewa dawa bandia isiyo na nguvu yoyote. Swali lilikuwa moja: je, dawa hiyo itapunguza vifo na kulazwa upya katika miezi sita inayofuata?

Haikupunguza. Matokeo ya Toto Bora, kama utafiti huo ulivyoitwa, yalionyesha makundi yote mawili yakienda sambamba: kwa hesabu ya jumla, takribani mtoto mmoja kati ya kumi alifariki au alirudishwa wodini kabla ya nusu mwaka kwisha. Si wote waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya kuhara. Walikuwapo wa malaria, wa nimonia na wa maradhi mengine. Habari ya dawa iliyoshindwa haipati vichwa vikubwa magazetini. Hata hivyo, ndani yake mna jambo zito kuliko dawa yenyewe, kwa sababu hawa ni watoto ambao familia zao zilikuwa zimekwisha kuambiwa wamepona.

Ukitaka kujua kuhara peke yake kunafanya nini, safari si ndefu. Kaskazini-magharibi mwa Kisii, ng'ambo ya ghuba, ipo kaunti ya Siaya, mojawapo ya vituo saba vya utafiti mkubwa wa GEMS uliofanywa Afrika na Asia kati ya 2007 na 2011. Watoto zaidi ya 9,000 wenye kuhara kwa wastani au kukali walilinganishwa na watoto wa rika lao, wa vijiji vilevile, wasiohara. Katika miezi miwili iliyofuata, uwezekano wa mtoto aliyehara kufa ulikuwa mara nane na nusu ya ule wa mwenzake. Karibu tisa kati ya kila vifo kumi viliwapata watoto wasiotimiza miaka miwili. Vifo vingi, asilimia 61, vilitokea zaidi ya siku saba baada ya mtoto kuonwa kliniki, na zaidi ya nusu vilitokea nyumbani.

Kwa maneno mengine, kwa watoto wengi hao siku ya hatari haikuwa ile ya choo cha maji mara kumi. Ilikuja baadaye, mama akiwa amekwisha kutulia. Mtandao wa utafiti uitwao CHAIN, uliohusisha hospitali za Kilifi, Nairobi na Migori hapa Kenya, pamoja na za Uganda, Malawi, Burkina Faso, Pakistan na Bangladesh, ulifuatilia watoto wagonjwa 3,101, na ukagundua jambo la kufanana na hilo. Walikufa 350, na karibu nusu yao walifia nje, baada ya kuruhusiwa. Waliokonda sana ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Basi ni mtoto gani hasa wa kuogopewa?

Mgeni akitembea kutoka Keroka hadi Nyansiongo, huku Gusii, yaani Kisii na Nyamira, hawezi kuamini kwamba swali hilo linahusu nchi hii. Mvua hainyimi. Migomba imesimama hadi ukingoni mwa barabara, chai imetanda kilima baada ya kilima, na soko la Daraja Mbili mjini Kisii linajaa ndizi, parachichi, chinsaga, managu na magunia ya omena iliyopanda kutoka ziwani. Lakini ardhi ni finyu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, na 605,576 Nyamira. Shamba la babu limegawiwa wana, likagawiwa wajukuu, na sehemu ya kilichobaki imepandwa chai ambayo mtoto hali. Malipo ya mwezi ni madogo, bonasi huja mara moja kwa mwaka, na parachichi zuri huondoka na dalali kabla halijaiva. Utapiamlo wa huku hauji na ukame wala picha za ng'ombe waliokufa. Unakuja kimyakimya, kikombe kwa kikombe cha uji mwepesi.

Ndiyo maana hauonekani. Kwa Kenya nzima, takwimu za afya za 2022 zilionyesha asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 26 mwaka 2014. Waliokonda kwa kulinganisha na urefu wao ni asilimia 5. Aliyedumaa haonekani mgonjwa. Anaonekana mdogo tu, na kila mtu husema baba yake pia alikuwa mfupi. Akishikwa na kuhara ndipo inapojulikana kwamba mwilini hamna akiba.

Kinachotokea ndani ni hiki. Utumbo mwembamba wa mtoto mwenye afya umefunikwa na vinyweleo vidogo sana, mfano wa zulia nene, na hapo ndipo chakula hufyonzwa. Kwa mtoto aliyekosa lishe, na anayeugua tumbo kila mara, zulia hilo limechakaa hadi kitambaani. Chakula kinapita bila kufyonzwa, sukari ya maziwa haimeng'enywi na inavuta maji, kuhara kunaendelea, na kila siku ya kuhara inapunguza zaidi lishe ile ile ambayo ingekarabati utumbo. Wakati huohuo kinga imelegea. Vijidudu vya tumboni vinaweza kupenya hadi kwenye damu, na mwili usio na nguvu ya kupandisha homa hautoi ishara. Ngozi inaweza kuwa baridi badala ya moto. Sukari ya damu inashuka usiku, saa ambazo mtoto hali. Potasiamu imepungua, chumvi imezidi ndani ya chembe za mwili, na moyo wenyewe umedhoofika.

Hapo daktari anakutana na mtego. Njia ya kawaida ya kupima upungufu wa maji ni kuibana ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kisha kuiachia: ikirudi polepole kwa zaidi ya sekunde mbili, mtoto amekauka sana. Lakini mtoto aliyekonda amepoteza mafuta ya chini ya ngozi, kwa hiyo ngozi yake hurudi polepole hata siku ambayo hajakosa tone la maji. Macho yake yamezama kwa sababu ya wembamba. Kwa upande mwingine, mwenye kwashiakoo amevimba miguu na uso, ananona machoni pa jirani, kumbe ndani amekauka. Ndiyo maana muuguzi mzoefu huwa na swali lisiloandikwa kwenye fomu: "Mama, macho yake yalikuwa hivi juzi, au yameanza kuzama leo?" Jibu la mama hapo lina thamani kuliko kipimo chochote.

Suala la maji lenyewe limezua mjadala mrefu. Kwa miongo mingi mwongozo umekuwa kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali asitundikiwe dripu isipokuwa amezimia kwa mshtuko wa mwili, kwa hofu kwamba moyo dhaifu utalemewa. Apewe kwa kinywa, polepole, mchanganyiko maalumu wenye chumvi pungufu na potasiamu zaidi. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 272 wa Uganda, Kenya, Niger na Nigeria, uitwao GASTROSAM, na vifo havikutofautiana kati ya waliotundikiwa maji na waliopewa kwa kinywa. Wala dalili za moyo kulemewa hazikuonekana. Watoto 272 si wengi, na wodi hazitabadilisha desturi kwa siku moja. Ila hofu ya zamani imeguswa, na si vibaya.

Dalili nyingine haziwagawi madaktari hata kidogo. Umri uko mbele: aliye chini ya mwaka mmoja yumo hatarini kuliko wa miaka mitatu, na aliyeachishwa ziwa mapema yumo hatarini zaidi. Mtoto aliyelegea, asiyeitikia, au asiyeweza kunywa, ni wa kukimbizwa. Kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, mwili wa baridi, weupe wa viganja unaoonyesha upungufu wa damu, nimonia iliyoingia pamoja na kuhara: kila kimojawapo huongeza uzito wa mzigo, na vikikutana viwili vitatu kwa mtoto mwembamba hali hubadilika kwa saa, si kwa siku. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi, hata kama yeye mwenyewe hakuambukizwa, huwa dhaifu kuliko wenzake mbele ya maradhi haya. Damu kwenye choo huashiria shigela, na hiyo ni mojawapo ya hali chache za kuhara ambazo kwa kweli zinahitaji kiuavijasumu. Kuhara kulikovuka siku 14 ni ugonjwa mwingine kabisa, ingawa kulianza kama huu.

Vijidudu navyo havilingani. GEMS ilionyesha kwamba virusi vya rota ndivyo vilivyowaharisha watoto wachanga wengi zaidi, lakini kwa watoto wa mwaka mmoja hadi miwili kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ndicho kilichoambatana na vifo. Kimelea hiki kinastahili kuelezwa vizuri katika nchi ya vilima na chemchemi. Hukaa kwenye kinyesi cha watu na cha ndama, huteremka na maji ya mvua kutoka chooni juu hadi kisimani chini, na klorini tunayotia majini kwa kipimo cha nyumbani haikiui. Kuchemsha hukiua. Familia yenye ndama nyuma ya jikoni na mtoto anayetambaa ina sababu mbili za kuchemsha maji na kunawa mikono kwa sabuni.

Chanjo ya rota ilianza kutolewa Kenya Julai 2014, na wodi zilipungua wagonjwa wa virusi hivyo. Tatizo lilijitokeza baadaye: uchunguzi uliofanywa nchini ulionyesha kwamba kinga yake ilikuwa bora kwa watoto wenye lishe nzuri kuliko kwa waliodumaa au wenye uzito mdogo. Yaani anayeihitaji zaidi ndiye anayefaidika kidogo. Hiyo si hoja ya kumnyima chanjo, ni hoja ya kumlisha.

Mengi huamuliwa nyumbani kabla ya hospitali kufikiriwa. Chukua mfano wa kawaida wa familia ya wachuma chai. Mama anatoka alfajiri, mtoto wa miezi tisa anabaki na nyanya yake na kikombe cha uji. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kiasi cha mililita 240 kwa mlo, karibu kikombe kimoja, kwa hiyo uji ukiwa mwepesi anashiba maji. Akianza kuhara, desturi ya wengi ni kumpunguzia chakula "ili tumbo lipumzike", na hapo kosa kubwa linatendeka kwa nia njema. Tumbo halihitaji mapumziko; linahitaji chakula kidogokidogo, mara nyingi, na ziwa bila kikomo. Uji uleule wa wimbi ukifanywa mzito, ukaongezwa unga wa omena au njugu, kijiko cha mafuta, au parachichi lililopondwa pembeni, unakuwa chakula.

Kuna pia sababu nyingine za kuchelewa kufika hospitali. Katika Gusii wapo wanaoona kuhara na kukonda ni ebibiriria, jicho baya, jambo ambalo Robert LeVine na wenzake waliochunguza malezi ya watoto wa huku katika miaka ya 1970 waliliandika kwa urefu. Sehemu kadhaa za Afrika Mashariki, lawama huangukia "meno ya plastiki", na ufizi wa mtoto huchokonolewa kwa kifaa kichafu. Mbaya kuliko hayo yote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni duka la dawa la karibu: mzazi anatoka na kiuavijasumu na dawa ya kufunga tumbo, halafu pakiti ya ORS, isiyo ghali, inabaki rafuni. Dawa za kufunga tumbo hazimfai mtoto mchanga hata mara moja.

Kinachofaa kinajulikana tangu 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilipotoa tamko la pamoja: ORS yenye chumvi pungufu na zinki. Kenya huviuza na kuvigawa pamoja katika kifurushi kimoja. Kila pakiti ya nusu lita humiminwa yote kwenye nusu lita kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chupa tupu ya soda ya mililita 500 inatosha kuwa kipimo. Ukizidisha maji dawa haifanyi kazi, ukiyapunguza, chumvi inamdhuru. Mtoto anywe kwa kijiko au kwa kikombe, taratibu. Akitapika, subiri dakika kumi uanze upya. Kidonge cha zinki cha miligramu 20 kinayeyushwa katika kijiko cha maji au maziwa ya mama, kila siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Siku hizo zikamilishwe hata kuhara kukikoma siku ya tatu, na hapa ndipo wengi hukatisha. Kwa mtoto aliyekwisha kukonda sana au kuvimba, lakini, kazi ya nyumbani ni kumnyonyesha na kumpa kinywaji njiani akipelekwa hospitali.

Na atajulikanaje kwamba amekonda sana? Kuna utepe wa plastiki wenye rangi tatu ambao wahudumu wa afya ya jamii huutumia, na hauhitaji elimu kubwa. Mkono wa kushoto wa mtoto hukunjwa kwenye kiwiko, nukta ya katikati kati ya ncha ya bega na kiwiko ikatafutwa, kisha mkono ukaachwa unyooke na kuning'inia. Utepe unazungushwa hapo, usilegee wala usibane nyama. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Kuvimba kwa miguu yote miwili ni hatari bila kujali utepe unasema nini: kidole gumba kikikandamizwa juu ya wayo kwa sekunde chache kikaacha shimo, safari ni ya hospitali. Nchini Niger shirika la ALIMA liliwafundisha akina mama wenyewe kupima, na ikaonekana vipimo vyao havina tofauti kubwa na vya wahudumu. Utepe una upungufu mmoja: haumtambui aliyedumaa. Huyo anahitaji mizani, ubao wa urefu, na kitabu cha kliniki kinachojazwa kila mwezi hata akiwa mzima, desturi ambayo familia nyingi huiacha chanjo zikiisha.

Turudi kwa watoto wa Toto Bora, kwa sababu swali lao halijajibiwa. Kama kiuavijasumu hakikuwalinda, kingine je? Mjini Nairobi, Mombasa na pwani ya Kilifi, watoto 1,778 waliolazwa kwa utapiamlo mkali waliwahi kupewa kotrimoksazoli, kiuavijasumu kingine, kila siku kwa miezi sita. Matokeo yaliyotoka 2016 yalionyesha vifo havikupungua. Utafiti mwingine mkubwa, uliochukua watoto zaidi ya 8,200 wenye kuhara katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwamo, ulijaribu azithromaisini tangu siku ya kwanza ya matibabu, na hapo pia vifo vya miezi sita havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Dawa mbili, majaribio matatu. Kilichobaki ni mambo ya kuchosha yasiyo na chupa wala lebo: chakula cha kutosha, maji yaliyochemshwa, na mtu wa kumtazama mtoto baada ya lango la hospitali.

Hilo la mwisho ndilo dhaifu zaidi. Mama anaruhusiwa asubuhi, anapewa tarehe ya kurudi, na pakiti za siagi ya njugu yenye virutubisho, kila pakiti gramu 92 na kalori 500. Mtoto wa kilo saba anahitaji zaidi ya pakiti mbili kwa siku. Nyumbani wapo kaka na dada wawili wenye njaa, na hakuna mama atakayemlisha mmoja wengine wakitazama; nusu ya dawa inakwenda kwao. Tarehe ya kurudi inagongana na siku ya kuuza majani chai, nauli ya bodaboda kutoka vilima vya Ekerenyo hadi Nyamira ni pato la siku, na mtoto anacheza, hivyo safari inaahirishwa. Wiki ya tatu anaanza kuhara tena.

Ndiyo maana baadhi ya madaktari wa watoto sasa hawaandiki tarehe ya kurudi tu. Humpima mtoto mkono siku anayoondoka na kumwambia mama namba yake, huuliza nyumbani kuna watoto wangapi kabla ya kuhesabu pakiti, na jina la mtoto hupelekwa kwa mhudumu wa afya wa kijiji chake ili apite wiki ya kwanza, si mwezi ujao. Mama naye huambiwa asingoje tarehe endapo mtoto atakataa ziwa, atapoa mikono na miguu, atavimba, au ataanza tena choo cha maji. Aje siku hiyohiyo, hata usiku.